Somo la Mwezi Huu: Kupika Maharagwe na Nyama kwa Kikapu cha Joto

Wakulima wengi wa skimu wana maharagwe katika ghala, wana viazi shambani, na mara moja moja wanapata nyama. Wanachokosa ni kuni na muda. Chungu cha maharagwe makavu chaweza kukaa juu ya moto saa 3, na wakati huo wote mtu mmoja lazima awe karibu akisukuma kuni, akiongeza maji na kuvuta moshi. Siku za kupanda, kupalilia au kuvuna, mtu huyo anatakiwa shambani. Ndiyo sababu katika nyumba nyingi maharagwe huachwa, na watu wakala ugali na mboga tu, ijapokuwa chakula bora kimo ndani ya gunia.

Tangu mashamba ya skimu za kwanza yalipoanza kugawanywa mwaka 1962, familia zimekua na mashamba yamegawanywa tena kwa watoto. Mahali pengi miti ya kuni imebaki michache. Kwa hiyo katika somo hili tutaeleza njia ya kupika maharagwe na nyama kwa moto wa saa 1 na nusu hivi badala ya saa 3. Njia hii hutumia kikapu kilichojazwa nyasi kavu. Tutaeleza pia jambo moja ambalo usipolifuata, chakula hicho kitawadhuru watoto wako. Tafadhali soma somo lote kabla ya kujaribu.

KIKAPU HUFANYAJE KAZI?

Chupa ya chai unaijua. Unatia chai ya moto asubuhi, na mchana ingali moto, ingawa hakuna moto chini yake. Chupa haitengenezi joto, hulizuia lisitoke. Kikapu cha joto ni vivyo hivyo. Sufuria iliyochemka huwekwa katikati ya nyasi kavu nyingi, na hewa iliyonaswa kati ya nyasi huzuia joto lisikimbie. Chakula huendelea kuiva polepole kwa joto lake chenyewe.

Njia hii si ngeni duniani. Mwaka 1867 jiko la namna hii kutoka Norwe lilionyeshwa katika maonyesho makubwa ya Paris. Wakati wa vita vya 1939 hadi 1945, serikali ya Uingereza iliwahimiza watu wake kupika kwa sanduku la nyasi ili kuokoa makaa na gesi. Katika Kenya, maafisa wa kilimo wanaofundisha mambo ya nyumbani wameifundisha kwa vikundi vya wanawake.

KUTENGENEZA KIKAPU

Vitu vinavyotakiwa ni hivi:

1. Kikapu kikubwa chenye nguvu, au sanduku la mbao. Kiwe kipana kuliko sufuria yako kwa upana wa kiganja kila upande, yaani sentimita 10 hivi.

2. Kitu cha kujaza. Nyasi zilizokauka vizuri zafaa sana. Majani makavu ya ngano, majani makavu ya migomba, manyoya ya kondoo yaliyooshwa na kukaushwa, au vipande vya blanketi kuukuu, vyote vyafaa. Usitumie kitu chenye unyevu, kwa maana unyevu hupoteza joto na huleta uvundo.

3. Gunia safi au kitambaa cha kufunika nyasi, ili zisiingie katika chakula.

4. Mto wa kufunika juu. Shona mfuko wa kitambaa na uujaze nyasi au manyoya. Uwe na unene wa sentimita 10 na uzibe mdomo wote wa kikapu.

5. Sufuria yenye kifuniko kinachokaa sawasawa, na isiwe na mkono mrefu.

Tandika nyasi chini ya kikapu na uzishindilie mpaka zipate unene wa sentimita 10. Weka sufuria tupu katikati, kisha jaza nyasi pande zote na uzishindilie vizuri. Ukiitoa sufuria utaona shimo lenye umbo lake. Funika nyasi hizo kwa gunia au kitambaa na ukishone ukingoni mwa kikapu. Sufuria ikae katika shimo hilo kama yai katika kiota, bila nafasi ya hewa kupita.

Jaribu kikapu chako kwa maji kabla ya kutia chakula. Jaza sufuria maji yanayochemka, ifunike, iweke kikapuni na uweke mto juu. Baada ya saa 4 ifungue. Kama una kipima joto cha maziwa, kitumbukize: kikionyesha zaidi ya digrii 60, kikapu ni kizuri. Kama hakifiki hapo, ongeza nyasi na utengeneze mto mnene zaidi. Kipima joto chaweza kuazimwa kwa jirani anayeuza maziwa, kisha ukioshe kabla ya kukirudisha.

JAMBO LISILOSAHAULIKA: MOTO KWANZA, KIKAPU BAADAYE

Maharagwe mabichi yana sumu ya asili ndani yake. Maharagwe mekundu makubwa, kama Canadian Wonder, ndiyo yenye sumu nyingi zaidi. Mtu akila punje 4 au 5 tu za maharagwe mekundu mabichi aweza kuugua. Baada ya saa 1 hadi 3 huanza kichefuchefu na kutapika sana, kisha kuhara na maumivu ya tumbo. Mtu mzima hupona upesi, lakini mtoto mdogo akitapika na kuhara hupoteza maji mengi mwilini, na hiyo ni hatari.

Sumu hii huharibika maharagwe yakitokota hasa. Haiharibiki kwa joto dogo. Maharagwe yaliyopashwa moto mpaka digrii 80 tu, bila kuchemka, yaweza kuwa na sumu kali kuliko yale mabichi. Hapo ndipo hatari ya kikapu ilipo. Mtu avivu huloweka maharagwe, humimina maji ya moto juu yake, huyaweka kikapuni na kwenda shambani. Mchana anakuta maharagwe yamelainika kidogo, anadhani yameiva, anawapakulia watoto. Huyo amewalisha sumu.

Basi shika sheria hii: maharagwe yachemke juu ya moto dakika 30 kamili kabla ya kuingia kikapuni. Anza kuhesabu wakati maji yanapotokota kwa nguvu. Usihesabu tangu ulipobandika sufuria.

Ninyi mlio katika skimu za nyanda za juu mna sababu zaidi ya kushika sheria hii. Pwani maji huchemka kwa digrii 100. Kila ukipanda mita 300 hivi, hupungua karibu digrii 1. Katika nchi ya Kitale, iliyo kiasi cha mita 1,900 juu ya bahari, maji huchemka karibu digrii 94. Kinangop, kwenye mita 2,500 hivi, huchemka karibu digrii 92. Maji hutokota mbele ya macho yako, lakini hayana moto kama yale ya Mombasa. Ndiyo maana maharagwe ya huko juu hukawia kuiva, na ndiyo maana dakika 30 hazipunguzwi.

Kama nyumba yako ina umeme na umenunua sufuria ya umeme ya kupika polepole, sheria ni ile ile. Sufuria hizo nyingine hazifikishi joto la kuchemka. Chemsha maharagwe kwanza katika sufuria ya kawaida dakika 30, umwage maji, ndipo uyatie humo.

KUCHAGUA MAHARAGWE NA NYAMA

Rosecoco, Mwitemania, Wairimu na Canadian Wonder yote yafaa. Lakini usichanganye maharagwe ya mavuno ya mwaka huu na ya zamani katika sufuria moja. Maharagwe yaliyokaa muda mrefu mahali penye joto na unyevu huwa magumu, na utakuta nusu yameiva na nusu yangali mawe. Maharagwe ya kula yatunze mahali pakavu na baridi.

Kwa nyama, nunua vipande vya bei nafuu: shingo, mbavu, mguu au mkia. Nyama hizo ni ngumu kwa moto wa haraka, lakini joto la polepole hulainisha mishipa yake na mchuzi huwa mzito. Hakuna haja ya kununua nyama laini kwa kikapu. Nunua nyama yenye muhuri wa mkaguzi. Usipike kamwe nyama ya ng'ombe au kondoo aliyekufa mwenyewe. Huenda alikufa kwa kimeta, na ugonjwa huo huua watu. Hata kumchuna ni hatari. Mwite afisa wa mifugo.

Kwa nini kuchanganya nyama na maharagwe? Maharagwe makavu yana protini ya kujenga mwili, zaidi ya sehemu moja katika kila sehemu tano za uzito wake. Yana madini ya chuma pia, ambayo hutengeneza damu, lakini mwili hauwezi kuyachukua kwa urahisi. Nyama kidogo ikiwa katika chakula hicho, mwili huchukua chuma cha maharagwe vizuri zaidi. Kwa hiyo nusu kilo ya nyama, au hata robo, ikigawiwa familia nzima pamoja na maharagwe ina faida kubwa. Kabeji, sukuma wiki au nyanya husaidia vilevile. Lakini chai huzuia chuma. Usinywe chai pamoja na chakula hiki; ngoja saa 1.

CHAKULA CHA WATU 6

Maharagwe makavu nusu kilo, nyama nusu kilo, viazi kilo 1, karoti 2, vitunguu 2, nyanya 3, mafuta vijiko 2, chumvi kiasi. Sufuria iwe ya lita 5 hivi.

Saa 2 usiku. Chagua maharagwe, utoe mawe na yaliyooza. Yaoshe na uyaloweke katika lita 2 za maji safi.

Saa 12 asubuhi. Mwaga maji ya kulowekea, usiyapikie. Suuza maharagwe, tia maji mapya yapande juu yake vidole vitatu, ubandike kwenye moto mkali. Yakitokota, tazama saa na uhesabu dakika 30. Maji yakipungua, ongeza maji ya moto. Wakati huo waweza kukata nyama vipande vidogo, kila kimoja kama kidole gumba. Vipande vikubwa hukawia kupata joto katikati.

Saa 12 na nusu au zaidi kidogo. Kaanga vitunguu na nyama kwa mafuta mpaka nyama ibadilike rangi pande zote. Itie katika maharagwe, koroga, ufunike, uache vyote vitokote pamoja dakika 15. Usitie nyanya wala chumvi bado. Uchachu wa nyanya huzuia maharagwe yasilainike.

Saa 1 na robo asubuhi. Epua sufuria bila kufunua kifuniko. Futa kitako chake upesi kwa kitambaa kibichi, uhakikishe hakuna kaa lililoshikamana, maana kaa moja laweza kuwasha nyasi na nyumba. Iweke kikapuni, ufunike kwa mto, nawe uende kukamua au kulima. Usifungue kutazama. Kila ukifungua, joto hutoka.

Saa 5 asubuhi. Rudisha sufuria motoni. Bonyeza haragwe kwa vidole. Kama limelainika mpaka ndani, tia viazi vilivyokatwa, karoti, nyanya na chumvi, uchemshe dakika 15, kisha urudishe kikapuni. Kama lingali gumu, chemsha dakika 15 bila nyanya wala chumvi, urudishe kikapuni saa 1 na nusu, ndipo utie vilivyobaki na uchemshe tena.

Saa 7 mchana. Pakua chakula kikiwa kinatoa mvuke. Mtoto aliyepita miezi 6 mpondee maharagwe, viazi na mchuzi mpaka vilainike kabisa, na nyama yake uichambue nyuzi nyuzi.

Ukijumlisha, moto umewaka kiasi cha saa 1 na nusu. Muda uliobaki ulikuwa wako.

SHERIA ZA KUTUNZA CHAKULA

Kwanza, sufuria ijae angalau theluthi mbili. Chakula kidogo katika sufuria kubwa hupoa upesi. Kama unapika kidogo, tumia sufuria ndogo na ujaze nafasi kwa vitambaa.

Pili, maji hayapungui ndani ya kikapu, kwa kuwa mvuke hautoki. Usitie maji mengi kama unavyofanya kwenye mafiga.

Tatu, chakula chenye nyama kisikae kikapuni zaidi ya saa 4 bila kurudishwa motoni. Vijidudu vya kuharibu tumbo huzaliana katika chakula cha vuguvugu. Kwa hiyo usiache sufuria ya nyama kikapuni usiku kucha.

Nne, ukifungua ukakuta chakula ni vuguvugu tu na hujui kimekuwa hivyo tangu lini, usiwape watu. Vijidudu vingine huacha sumu ambayo hata kuchemsha tena hakuiondoi. Ni hasara, lakini hasara ya sufuria moja ni ndogo kuliko ya mtoto mgonjwa.

Tano, anika nyasi na mto juani kila juma. Nyasi zikilowa mchuzi, zitupe na utie nyingine.

MASWALI YA WAKULIMA

Je, nikitia magadi sitaokoa kuni zaidi?

Magadi hulainisha maharagwe upesi, ni kweli. Lakini huharibu baadhi ya vitamini, na magadi mengi yana floridi ambayo ikizidi huharibu meno ya watoto yanapokua. Maharagwe yakilowekwa usiku kucha, magadi hayana kazi.

Nimesahau kuloweka. Nifanyeje?

Yachemshe dakika chache, uepue, uyaache katika maji hayo saa 1 au 2 yakiwa yamefunikwa. Kisha mwaga maji, utie mapya, uanze kuhesabu dakika 30 kama kawaida. Dakika za kwanza hazihesabiwi.

Je, githeri yaweza kupikwa hivi?

Yaweza. Lakini mahindi makavu ni magumu kuliko maharagwe. Yaloweke nayo pia, na uyachemshe peke yake kwa muda kabla ya kutia maharagwe. Kisha hesabu dakika 30 za maharagwe.

Mume wangu asema chakula cha kikapu si chakula cha moto.

Mwombe afungue kikapu mwenyewe saa 7 mchana. Tena kazi ya kutengeneza sanduku ni ya misumari na nyundo, naye aweza kuifanya kwa siku moja.

KAZI YA NYUMBANI

Juma la kwanza, pika maharagwe kama ulivyozoea. Kila mara hesabu vipande vya kuni ulivyotumia na uandike. Juma la pili, pika maharagwe yale yale kwa kikapu, uhesabu tena. Linganisha. Usiamini gazeti tu. Amini kuni zako mwenyewe. Kisha peleka hesabu hiyo katika kikundi chenu cha akina mama au mkutano wa chama cha ushirika, wengine waione.

Jipime pia kwa maswali haya matatu. Je, maharagwe huchemka dakika ngapi kabla ya kuingia kikapuni, na unaanza kuhesabu lini? Chakula chenye nyama hukaa kikapuni saa ngapi kabla ya kurudishwa motoni? Nyanya hutiwa lini? Kama waweza kuyajibu bila kutazama gazeti, na wale wanaokusaidia jikoni waweza pia, kikapu chako ki tayari kuanza kazi. Ukihitaji msaada wa kukitengeneza, mwone afisa wa kilimo wa wadi yako.